Ngoma Katika Ibada ya Ukambani: Tulikotoka, na Dramu Inayotufaa



Kurasa nyingine za kitabu hiki zinawaeleza waliotutangulia katika kwaya, nyimbo tulizoimba na mahali tulikoalikwa. Kurasa hizi tumezitenga kwa jambo moja tu, nalo ni ngoma. Sehemu ya sadaka ya yubilei hii imekusudiwa kununua dramu mpya, na tangu shauri hilo litangazwe maswali mawili yametufikia. Wazee wetu wameuliza: je, ngoma si ndiyo tuliyoiacha tulipookoka? Vijana wetu nao wameuliza: mbona tusinunue ile kubwa kuliko zote? Maswali yote mawili ni ya haki. Nasi tumeona kwamba hayawezi kujibiwa vyema bila kurudi nyuma kidogo, kuangalia ngoma ilitokaje mikononi mwetu na ilirudije.

Neno moja, mambo mengi

Katika Kiswahili neno ngoma lina mzigo mkubwa. Ni chombo cha mti na ngozi. Ni mchezo unaochezwa chombo hicho kikipigwa. Tena ni mkutano wenyewe, na usiku wake wote. Mtu akisema "nilikwenda ngomani" hasemi kwamba alikwenda kuangalia mti uliochimbwa. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana litaeleza mengi hapa chini.

Hapa Ukambani kabla ya Injili, ngoma haikuwa ya aina moja wala ya kazi moja. Kulikuwa na ngoma za vijana, zenye kuruka na kupinduka hewani, ambazo wageni wengi wamezitazama kule Bomas of Kenya na kushangaa. Kulikuwa na nyimbo za kazi na za arusi zilizokwenda kwa makofi na vigelegele tu. Na kulikuwa na kilumi, iliyopigwa wakati wa kuomba mvua au kumtibu mgonjwa aliyedhaniwa kushikwa na pepo. Kilumi ilikuwa hasa mali ya akina mama. Wao ndio waliopiga, wao ndio waliocheza, na ngoma zake zilikuwa ndefu, zenye mlio mzito uliosikika ng'ambo ya kilima.

Chombo chenyewe kilitengenezwa kwa kuchimba gogo na kulifunika kwa ngozi. Mpigaji aliijua ngozi yake kama mpishi anavyojua jiko lake. Wakati wa mvua au wa baridi ya Julai ngozi hulegea, sauti ikazama. Basi ngoma ilisogezwa karibu na moto mpaka ngozi ikakaza na sauti ikarudi. Ndiko kuitia ngoma sauti sawa, karne nyingi kabla hatujaona ufunguo wa dramu. Msomi Paul Kavyu aliandika juu ya muziki huu katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu muziki wa Wakamba, kisha katika kingine cha mwaka 1986 kuhusu ngoma zao peke yake. Atakayetaka kujua zaidi aanzie hapo.

Injili inafika, ngoma inatoka

Johann Ludwig Krapf wa Church Missionary Society alifika Ukambani mwaka 1849 na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui. Mwaka 1850 ikachapishwa Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba. Lakini kazi ya kudumu ilikuja baadaye. Mwezi wa Oktoba 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walishuka Mombasa, wakapanda kwa miguu hadi Nzaui, ambako walifungua kituo chao cha kwanza mwezi wa Desemba. Scott alifariki mwaka uliofuata tu, Desemba 1896, na wengine kadhaa walifariki au kurudi kwao. Mbegu hata hivyo haikufa. Kutoka mwanzo huo mdogo ndipo yalipotokea makanisa na shule nyingi za Machakos, Makueni na Kitui.

Wamisionari hao walikataza ngoma. Mkristo aliyeonekana ngomani aliitwa mbele ya wazee, na aliyekaidi alitengwa na Meza ya Bwana. Wako kati yetu waliosimuliwa hayo na wazazi wao, na ndiyo sababu swali la wazee wetu si la ukaidi. Tusiwacheke. Waongofu wa kwanza walijua vizuri kilumi ilihusu nini, kuliko tunavyojua sisi. Kwao mlio ule uliita roho walizokuwa wamekwisha kuziaga. Kwa msichana aliyekimbilia misheni, au kijana aliyeacha pombe, kukaa mbali na ngoma kulikuwa kukaa mbali na maisha ambayo Kristo alikuwa amemtoa. Walilipa gharama, na wengi walichekwa na ndugu zao.

Lakini hapo ndipo lile neno moja lenye mambo mengi lilipofanya kazi yake. Katazo la ngoma ya usiku liliondoa pia ngoma ya mti. Chombo kilihukumiwa pamoja na mkutano. Hakuna aliyesimama kuuliza kama gogo lenyewe limekosa nini. Mahali pake pakaja kitabu cha nyimbo, na ile njia ya kusoma nota kwa do, re, mi iliyofundishwa katika shule za misheni.

Tuseme ukweli, tulipata mengi hapo. Sauti nne, soprano, alto, tena na besi, tulizifunzwa katika miaka hiyo. Kwaya kuimba bila chombo chochote na isipotee ni ujuzi ambao makanisa mengi yenye vyombo vingi leo yameupoteza. Ila kuna kitu nacho kilitupotea. Kikamba ni lugha ya toni. Sauti ikipanda au kushuka, neno linaweza kugeuka. Nyimbo zilipotafsiriwa na kuwekwa juu ya tuni za Ulaya, mara nyingi tuni ilipanda mahali neno linaposhuka. Watu waliimba kwa imani hata hivyo, lakini mwili ulikaa kimya. Mguu uliozoea kujibu ngoma ulifunzwa kusimama.

Jambo la ajabu ni hili: si kila ngoma ilikatazwa. Jeshi la Wokovu lilianza kazi Kenya mwaka 1921, nalo lilikuja na bendi yake na ngoma kubwa ya kubebwa kifuani, likihubiri barabarani. Askari wa King's African Rifles, ambao Wakamba walikuwa wengi miongoni mwao, walipiga kwata kwa ngoma. Shule zilikuwa na ngoma za gwaride. Hizo hazikumpeleka mtu mbele ya wazee. Kwa hiyo hata katika siku zile ilionekana wazi, kwa mwenye kutaka kuona, kwamba dhambi haikuwa ndani ya chombo. Ngoma iliyotoka ng'ambo iliruhusiwa, na ile ya nyumbani ikabaki nje ya mlango.

Mlango unafunguka

Mlango haukufunguka kwa siku moja. Mwaka 1945 Wakristo wa Kikamba waliunda African Brotherhood Church, ambayo makao yake makuu yako Mitaboni, hapa hapa Machakos. Lilikuwa kanisa lililoongozwa na Waafrika wenyewe tangu mwanzo, na lilionyesha kwamba watu wetu walitaka kumwabudu Mungu kwa akili na mikono yao wenyewe.

Kule Kongo, mwaka 1958, padre Guido Haazen wa Ubelgiji aliongoza kwaya ya wavulana na walimu wa Kamina kurekodi Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa tuni na ngoma za Kikongo. Sahani hiyo ya santuri ilizunguka dunia. Mwaka 1963 padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa kitabu kilichochunguza sheria za kanisa lake kuhusu muziki na kuuliza muziki wa Kibantu una nafasi gani ndani yake. Mwaka huo huo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia iliyoagiza kwamba muziki wa asili wa watu katika nchi za misheni uheshimiwe, na kuruhusu vyombo vingine zaidi ya kinanda kikubwa cha mabomba, mradi vifae kwa ibada. Mwaka 1964 oratorio ya Mganda Joseph Kyagambiddwa juu ya Mashahidi wa Uganda iliimbwa Roma. Jimbo Katoliki la Machakos lilipoanzishwa mwaka 1969, ndugu zetu Wakatoliki walikuwa tayari na ruhusa ya kuingiza ngoma na kayamba kanisani.

Sisi wa makanisa mengine hatukuwa chini ya mtaguso huo, lakini majirani husikilizana. Na shule zilisaidia. Kenya Music Festival, iliyoanza mwaka 1927, iliendelea kukua hadi ikawa na madaraja ya nyimbo za kienyeji, ambako mtoto wa shule ya kanisa alipiga ngoma ya babu yake mbele ya waamuzi na kupewa cheti. Mtoto huyo Jumapili aliketi kwaya. Mwaka 1990 Muungano National Choir, ikiongozwa na Boniface Mganga, ilirekodi Missa Luba upya, na Wakenya wengi wakasikia kwa mara ya kwanza jinsi kwaya yenye nidhamu ya sauti nne inavyoweza kukaa juu ya ngoma bila kumezwa nayo.

Na tuseme kwamba Biblia ilikuwepo muda wote. Zaburi ya 150 inataja matari na matoazi kwa majina. Wazee wetu waliisoma kila mwaka. Kilichobadilika ni masikio.

Dramu yenyewe ilitoka wapi?

Wengi hudhani dramu hii ya kukaliwa, yenye ngoma tano na matoazi, ni chombo cha Kizungu tu. Sivyo. Ni mkusanyiko wa dunia nzima, na sehemu yetu imo.

Ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, inayoitwa snea, na ngoma kubwa ya besi zilitoka katika bendi za jeshi za Ulaya. Matoazi yalitoka Uturuki. Jamaa ya Zildjian ilianza kuyafua Istanbul mwaka 1623, na kizazi chao kilihamisha kazi hiyo Marekani mwaka 1929. Ngoma za tomu za kwanza katika seti zilikuwa za Kichina. Aliyezikusanya zote akazipiga peke yake alikuwa mwanamuziki wa New Orleans, mji ambao watu weusi, wana wa watumwa waliotolewa Afrika, walikuwa wakikutana Congo Square kupiga na kucheza hata katika siku za utumwa. Zamani bendi ilihitaji watu wawili au watatu kwa ngoma. Mwaka 1909 William Ludwig wa Chicago alitengeneza pedali iliyofanya kazi kwa wepesi, mguu mmoja ukapiga besi, na mikono miwili ikabaki huru. Katika miaka ya 1920 yakaongezwa matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu mwingine, ambayo leo tunayaita haihati. Mwaka 1957 Remo Belli wa Los Angeles akaanza kuuza ngozi za plastiki, ambazo hazilegei kwa mvua wala hazihitaji moto.

Kwa hiyo, wazee wetu, chombo hiki kinapoingia kanisani hakiingii kama mgeni mtupu. Mkono wa Mwafrika uliotengwa na ngoma yake Marekani ulichukua ngoma za jeshi, ukazifundisha kuzungumza. Ndizo zilizorudi.

Zilirudi Kenya kwanza kwa njia ya dansi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, askari waliorudi kutoka Burma walikuwa miongoni mwa walioanzisha bendi za Nairobi. Miaka ya 1970 Ukambani ikapata benga yake, ya akina Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers na Peter Mwambi na Kyanganga Boys, ambayo alama yake kubwa ni besi inayogonga kila pigo bila kupumzika. Muziki huo ulipigwa baa. Basi haishangazi kwamba dramu ya kwanza ilipoonekana kanisani, mzee aliyesikia besi ile alikumbuka Jumamosi usiku. Hofu yake ilikuwa ile ile ya babu yake juu ya kilumi: chombo kilibeba harufu ya mahali kilipotoka.

Kati ya kuimba bila chombo na dramu kamili, makanisa mengi ya mji na vijiji vyetu yalipita katika kinanda cha umeme chenye midundo ndani yake. Kinanda hicho kimetusaidia sana, na hatutakidharau. Ila mdundo wake una kasoro moja ambayo kila mwanakwaya anaijua: hausikilizi. Kwaya ikivuta pumzi, wenyewe unaendelea. Ubeti wa toba na ubeti wa ushindi kwake ni sawa. Tena nyimbo zetu nyingi za asili huenda kwa mapigo yanayogawanyika kwa tatu, na midundo mingi ya kinanda hugawanya kwa mbili na nne, hivyo wimbo wa Kikamba hunyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi vibaya. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka dramu: tunataka mpigaji mwenye masikio.

Tununue ipi?

Sasa tunalijibu swali la vijana. Jibu letu ni kwamba dramu nzuri ni ile inayolingana na sauti ya kwaya na nyumba inamopigiwa. Kubwa kuliko zote siyo bora kuliko zote. Waswahili walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka.

Kwanza, nyumba. Kanisa letu lina bati juu, saruji chini na kuta tupu. Sauti ikitoka hairudi mara moja tu. Simameni katikati siku ya Jumamosi, pigeni kofi moja, msikilize linavyochelewa kufa. Jumapili watu wakijaa, nguo na miili yao hunywa sehemu ya sauti, lakini si yote. Katika nyumba ya namna hii besi ya inchi 22 au 24, iliyokusudiwa jukwaa la uwanjani, itanguruma juu ya maneno. Besi ya inchi 20, au hata 18, yenye blanketi kuukuu ndani, inatosha bila kipaza sauti. Tomu za inchi 10 na 12, na ile ya kusimama chini ya inchi 14, zina mlio mfupi ulio wazi, unaowaachia waimbaji nafasi.

Pili, mti. Dramu nyingi za leo hutengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka. Mepo, mti ambao jani lake liko katika bendera ya Kanada, una sauti ya joto iliyo sawa juu na chini. Bechi, mti wa nchi za baridi, hutoa pigo kali linalokatika upesi. Mkangazi una sauti ya chini, laini. Popla ni wa bei nafuu, na ukitengenezwa vizuri hauaibishi. Kwa kwaya ya sauti nne, mepo au mkangazi hukaa vizuri chini ya waimbaji. Bechi hufaa zaidi bendi yenye magita ya umeme. Lakini mti mzuri ukiwa na ukingo mbaya ni kazi bure. Ukingo ni pale ngozi inapokalia. Fundi hutoa ngozi, huiweka ngoma juu ya kioo kilicho sawa, hutia taa ndani, kisha huangalia kama mwanga unapenya chini. Ukipenya, ngoma hiyo haitashika sauti kamwe, hata ingepakwa rangi ya dhahabu.

Tatu, na hapa tunaomba mtusikilize sana, matoazi. Watu hutumia fedha zote kwa ngoma zinazong'aa na kuchukua matoazi yoyote yaliyofungwa pamoja nazo. Hayo mara nyingi ni ya shaba nyeupe au ya bati la shaba la bei ya chini, na mlio wake ni kama sufuria iliyoanguka. Matoazi bora hufuliwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu, takribani sehemu 80 kwa 100, na bati sehemu 20. Basi sababu ya kujali ni hii: sauti kali za toazi hukaa mahali pale pale zinapokaa herufi s, f, t na ch katika masikio ya mtu. Toazi baya likipigwa, mshirika husikia tuni lakini hasikii neno. Na kwaya ambayo neno lake halisikiki imebaki na kazi gani? Tuchukue haihati ya inchi 14, toazi moja la kushikilia mwendo na moja la kupasua, yote membamba, yanayoitika hata yakiguswa kidogo. Afadhali ngoma za kadiri na matoazi mema kuliko kinyume chake.

Nne, ngozi na vijiti. Ngozi ya tabaka moja huimba zaidi. Ya tabaka mbili hudumu zaidi. Nyeupe iliyopakwa hutoa sauti pole kuliko ile angavu. Zaidi ya vijiti vya kawaida, tununue vijiti vyembamba vilivyofungwa kama kifagio, na brashi zenyewe. Wimbo wa maziko haupigwi kwa fimbo ile ile ya wimbo wa mavuno.

Tano, dramu ya umeme. Wengine wameishauri, kwa kuwa ina kitufe cha kupunguza sauti. Ni kweli, na kwa chumba kidogo ni msaada mkubwa. Lakini inahitaji spika nzuri, na inahitaji stima. Wote mnajua stima yetu. Kwa ibada za nje, kwa mazishi mashambani na kwa ziara za kwaya, dramu ya mti inayobebwa kwa matatu na kufungwa chini ya mwembe ndiyo itakayotufaa.

Kama tutapata iliyokwisha tumika, isikataliwe. Mti uliotunzwa hauharibiki upesi. Tukague ukingo, tukague kama pipa limebaki duara, tukague nyuzi za skrubu na nguvu ya vyuma vya kusimamia. Toazi lenye ufa, hata mdogo kama unywele, liachwe hapo hapo. Ufa huo utakwenda tu.

Nani ataketi, na nani atatunza?

Chombo kizuri bila mpigaji ni fanicha. Tunapendekeza wachaguliwe vijana wanne wa kufundishwa, na wawili kati yao wawe wasichana. Tumekwisha kusema kwamba zamani Ukambani ngoma nzito zilikuwa mikononi mwa akina mama. Tulipoiacha ngoma na kisha kuirudisha, tuliirudisha kwa wavulana peke yao, wala hakuna aliyeamua hivyo katika mkutano wowote. Ilitokea tu. Inaweza kurekebishwa katika mwaka huu wa yubilei.

Somo la kwanza la mpigaji liwe kuimba. Akae mwezi mzima katika sauti yake, besi au alto, ajue wimbo unapumua wapi. Ndipo ashike vijiti. Na ajifunze kuitia dramu sauti kabla ya kuipiga: skrubu hukazwa kwa kupishana, hii na ile iliyo mkabala nayo, kama fundi anavyokaza nati za gurudumu la gari, kidogo kidogo mpaka ngozi ilie sawa pande zote. Babu zetu walifanya hivyo kwa moto. Sisi tuna ufunguo, na hatuna udhuru.

Jambo la mwisho. Tunaomba kando ya dramu hiyo kuwekwe ngoma moja ya Kikamba, ya gogo na ngozi. Wachongaji wa kaunti hii, ambao Wamunyu imejulikana kwa kazi yao vizazi vingi, hawajasahau kuchimba mti. Nyimbo zetu za Kikamba zipigwe kwa hiyo, kwa mwendo wake wa tatu tatu, na dramu inyamaze au iijibu kwa upole. Kwa wazee ambao wazazi wao waliitwa mbele ya baraza kwa ajili ya chombo kama hicho, tunajua si jambo dogo. Hatuliombi kwa kuwadharau. Walikataa roho zilizokuwa nyuma ya ngoma, na katika hilo tunasimama pamoja nao mpaka leo. Ngoma yenyewe tunaomba ibatizwe, kama sisi tulivyobatizwa, tukabaki Wakamba.

Kamati itakutana baada ya sherehe kupokea maoni ya washirika wote kabla shilingi moja haijatumika. Aliye na neno alilete, mzee kwa kijana.